Rangi za Kisumu na Picha ya Mama Yake Donata: Risala ya Kikundi cha Tuwalee, Kiseke, 1996

Mgeni rasmi, Mama Gladness Shimba, Mkurugenzi wa shirika linalotufadhili. Mwenyekiti wa Mtaa. Wazazi, walezi na watoto wetu wapendwa:

KUKUKARIBISHA

Karibu tena Kiseke. Sisi wadogo zako tunasema shikamoo, na wale wachache waliokutangulia kuzaliwa wanasubiri ya kwao. Tunajua barabara ya kutoka Pasiansi imekusumbua, kwani mvua za wiki hii zimeichimba vibaya, na tulikuona ukishuka garini umeshika kiuno. Pole sana, mama yetu.

Anayekusomea ni katibu, Josephat Ndalahwa, kwa niaba ya wanakikundi wote. Mwalimu Paskazia, ambaye tutamtaja sana humu, ameomba asisome yeye. Sababu utaiona.

TULIKOTOKA

Kikundi hiki kilianza mwaka juzi, watoto waliokimbia vita vya nchi jirani walipokuwa wakiletwa mjini kutoka mpakani, wengi wao wakiwa wamepotezana na wazazi njiani. Kila mama aliyeweza alichukua mtoto akamlaza nyumbani kwake. Usiku haukuwa na shida. Shida ilikuwa mchana. Shule walikuwa hawajapangiwa, Kiswahili hawajui, na hata mpira ukiwatupia wanautazama tu unavyopita.

Mwalimu Paskazia, aliyezoea kufundisha darasa la kwanza, ndiye aliyesema wachore. Karatasi zilikuwa mifuko ya saruji. Rangi zilitoka Mwaloni, kule Kirumba, kwa mwanachama wetu Mzee Okech anayepaka rangi mitumbwi. Kila jioni alituletea masalia ndani ya makopo, naye akarudi kwake akinuka mafuta ya taa na kugombezwa na mkewe.

Paskazia mwenyewe anamlea Donata, mwenye umri wa miaka tisa. Mtoto huyu alikaa nyumbani kwake muda mrefu bila kusema neno zaidi ya ndiyo. Siku moja akachora mwanamke amesimama mlangoni, amevaa kitenge cha rangi ya ndizi inayoanza kuiva, si kijani wala si njano. Mzee Okech alimchanganyia rangi hiyo mara nyingi, na kila mara mtoto alitikisa kichwa, hadi alipokubali. Alikuwa mama yake. Tangu siku hiyo Donata akaanza kuongea, na picha ile akawa anaiweka chini ya godoro na kuilalia.

Mgeni rasmi, ulipotutembelea mara ya kwanza tuliwaambia watoto walete kazi zao uzione. Donata alikunyooshea picha yake kwa mikono miwili. Nawe ukaipokea kwa mikono miwili, ukamkumbatia, na sisi tukapiga vigelegele mpaka ng'ombe wa jirani wakashtuka. Kwetu, kitu kikinyooshwa mbele ya mgeni rasmi ni zawadi. Ungefanya nini kingine? Dereva wako akaiweka kiti cha nyuma. Gari lilipokwisha kukata kona, Donata alimvuta Paskazia sketi.

"Mwalimu, ataileta saa ngapi?"

Yeye alidhani anakuonyesha tu.

SAFARI YA KISUMU

Siku ile ulituachia fedha za vifaa vya kuchorea, nasi tunatoa taarifa. Maduka ya Mwanza yamejaa siku hizi, hatukatai. Tangu biashara ifunguliwe tunapata redio, mitumba ya kila namna, na biskuti kutoka nchi tusizojua ziko wapi. Lakini rangi za kuchorea hasa hatukuzipata, na penseli za rangi tulizozipata zilikatika kila zilipochongwa. Kamati ikamtuma Paskazia Kisumu. Mlio na umri mnakumbuka, zamani kufuata bidhaa Kenya lilikuwa jambo la kunong'onezana. Safari hii alivuka Sirari mchana kweupe, na mtu wa forodha akamtakia safari njema.

Sisi tulimtuma brashi, karatasi ngumu na rangi za maji. Mwenzetu alikuwa na lake moyoni. Alivaa gauni lile lile alilokuwa nalo siku Donata anamchora mama yake, lililobaki na doa la rangi kwenye pindo. Doa hilo ndilo kipande pekee cha kile kitenge kilichobaki Kiseke. Alitaka rangi ile ile, ambayo Mzee Okech alishindwa kuichanganya tena, ili mtoto achore upya na mambo yaishe bila mtu yeyote kuaibika.

Aluoch, rafiki yake mzaliwa wa Shirati aliyeolewa Kisumu, alimzungusha madukani. Kila walipoingia Paskazia alinyanyua pindo kidogo na kuuliza kama wanayo rangi hiyo.

"Mama, hapa tunauza rangi, hatushoni nguo," muuzaji wa kwanza akamwambia.

Wa pili alimletea kijani cha majani. Wa tatu alicheka, akawaita wenzake nao waje wacheke. Aluoch akaona haya.

"Dada yangu, watu watasemaje? Mwalimu mzima unafunua gauni dukani!"

"Waseme. Mimi natafuta kitenge cha mtu."

Walizunguka hadi miguu ikavimba. Katika duka la mwisho, nyuma ya soko, mwenye duka alipanda ngazi akashusha kichupa chenye vumbi. Paskazia akapaka rangi yake kidogo kando ya doa, na madoa mawili yakawa doa moja. Alilia pale pale dukani. Ametusimulia mwenyewe, na tunaandika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

MAFANIKIO

Vifaa vyote vilifika salama. Watoto wanachora kila siku, wengine wameanza shule ya msingi, na wawili wanagombania brashi kubwa hadi tumeamua kuifungia kabatini. Wanacheka, wanapigana, wanadanganya nani kamwaga maji. Kwetu hayo ni mafanikio makubwa.

Donata naye alipewa karatasi nzuri kuliko zote na kile kichupa. Mlango ulitokea. Kitenge kilitokea, tena kizuri kuliko cha kwanza, Mzee Okech mwenyewe alikiri. Sisi tuliosimama nyuma tulikuwa tumeanza kupongezana. Halafu mtoto akaweka brashi chini.

"Mbona umeacha, mwanangu?" Paskazia akamuuliza.

"Mwalimu, sura yake siikumbuki. Nilikuwa naiangalia kwenye ile nyingine."

Paskazia alikwenda kukaa uani. Hakuna aliyemfuata.

CHANGAMOTO

Paa linavuja upande wa ziwani. Vyoo havitoshi. Na Donata, kila gari linaposimama karibu na darasa, hutoka na kwenda kuchungulia kiti cha nyuma. Tumemkataza, haachi.

OMBI

Mgeni rasmi, tulikuwa tumeandaa maombi mengi, yakiwemo mabati, madawati na tangi la maji. Tumeyafuta yote ili tubaki na moja. Tunaomba picha ya mama yake Donata irudi.

Hatukufikia hapa kwa urahisi. Mwalimu Paskazia alipinga. Alisema mgeni haombwi zawadi aliyokwisha kupewa, na kwamba tutakosa picha na mabati pia. Wapo waliomuunga mkono, na kikao kilikuwa kikali hadi uji wa watoto ukaungua. Mwenzetu Nestory, aliyeleta barua ofisini kwako, alituambia picha ile umeiweka kwenye fremu ya kioo, nyuma ya kiti chako. Tulifurahi kusikia hivyo na tukaumia kwa wakati mmoja, kwa sababu inaonyesha kwamba unaipenda. Fremu ni yako, ubaki nayo. Mabati tutachangishana, hata kama ni kwa bati moja moja. Lakini sura ya yule mama haiuzwi Kisumu wala Nairobi. Iko ukutani kwako tu.

ZAWADI

Hatuwezi kukuacha uondoke mikono mitupu. Akina mama wamekuandalia sato wa leo asubuhi, na dereva wako amekwishawapokea.

Zawadi ya pili ameichora Donata. Amekuchora wewe. Gari lipo, miwani ipo, hata ule mkufu uliovaa siku ile upo, na sura ni yako kabisa, kila aliyeiona amekutaja jina. Umesimama mbele yetu, umeshika karatasi kwa mikono miwili. Karatasi hiyo ameiacha nyeupe.

Safari hii tulimuuliza kwanza kama anataka kukuonyesha tu au anakupa. Amesema anakupa.

Mungu akurudishe mjini salama, akulinde wewe na watoto wako, na akusaidie usiisahau sura ya kila umpendaye.

Ni sisi wako,
Kikundi cha Tuwalee, Kiseke.