Bibi Hakuipikia Wodi Supu Ile

Mchungaji, wazee wetu, majirani, wafiwa wenzangu, na wewe mama mwenyekiti wa akina mama, uliyejikalisha kiti cha mbele kabla hujakaribishwa, nawasalimu nyote kwa niaba ya familia. Mimi ni mjukuu wa marehemu kwa binti yake mkubwa, nimepewa kazi ya kusoma historia ya maisha yake, ingawa asubuhi hii mjomba alinivuta pembeni akaniomba nisome kuzaliwa, ndoa na kifo, kisha niketi, hayo mengine tumwachie Mungu. Mjomba, shikamoo, nimekusikia, lakini leo nitayasoma yote.

Bibi yetu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1945, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa kwanza wa baba mpaka rangi na mama mfua nguo. Alibatizwa mwezi uliofuata, na inasemekana alilia kanisani tangu wimbo wa kwanza hadi baraka, mpaka watu wakasema huyu hatanyamazishwa na mtu. Alianza shule ya msingi mwaka 1953, katika shule iliyopakana na kanisa, akaishia darasa la nne, kwa sababu mama yake aliugua mgongo na nguo za watu haziwezi kujifua zenyewe.

Mwaka 1963 aliajiriwa katika karakana ya kushona sare za shule, akaanza kwa kutia vifungo, akapanda hadi kuwa msimamizi wa meza ya kukatia vitambaa, na wenzake wa kazini, ambao nawaona pale nyuma, ni mashahidi kwamba haikutoka suruali mezani kwake yenye mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Ni hapo karakana alipokutana na babu, fundi seremala aliyeitwa kupima meza mpya, akapima, akarudi kesho yake kupima tena, akarudi tena, mpaka karakana nzima ikajua kwamba huyu bwana hapimi meza. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1968, wakajaliwa watoto wanne, mmoja akatangulia mbele za haki akiwa bado mchanga, na waliobaki ni mjomba, mama yangu na mama yangu mdogo, ambaye hajaacha kulia tangu juzi. Bibi alistaafu mwaka 1998, na mwaka uliofuata babu akafariki.

Wengine wakifiwa hujifungia ndani, yeye alifunga kilemba akaenda jikoni. Pamoja na akina mama wa kanisa alianza kupika supu kila Alhamisi na kuipeleka hospitali, kwa wagonjwa wasio na ndugu wa kuwaletea chakula, akawalisha kwa kijiko, akawaosha nyuso, akasali nao, waliotaka kusali, na wasiotaka akawakatia kucha. Jikoni walimpa jina la Onja Kwanza, maana hakuna ndoo iliyotoka mlangoni kabla yeye hajaionja, na sharti lake lilikuwa moja, supu ya mgonjwa hupikwa asubuhi ile ile. Supu ya jana, alikuwa akisema, mpe mbwa wako, na huyo mbwa umwombe radhi.

Sasa nafika pale mjomba asipotaka nifike. Tarehe 17 Machi 2022, siku ya Alhamisi, mama mwenyekiti alikuwa na wageni wenye kamera, na hakutaka akina mama wapigwe picha wakinuka moshi, kwa hiyo aliagiza supu ipikwe Jumatano jioni, ikaachwa imefunikwa ikiwa ya moto, na kila aliyewahi kushika mwiko anajua kilichotokea humo ndani mpaka asubuhi. Bibi alifika alfajiri, mimi nikiwa naye, nimewasha moto kwa mkono wangu huu, akafunua, akaonja, akatema, akasema imwagwe yote. Mama mwenyekiti akamwambia kwa heshima zote, mama, nenda kabadilishe nguo, wageni wako njiani, hili tutalishughulikia sisi. Tuliporudi ndoo zilikuwa zimekwisha kuondoka, supu ile ile, imechemshwa upya na kukamuliwa ndimu ili kuficha uchachu. Kufikia jioni wodi nzima ya wanaume ilikuwa inaharisha, watu ambao hata kusimama walikuwa hawawezi.

Muuguzi mkuu alipokuja juu kuuliza nani kapika, mama mwenyekiti alijibu, bila hata kumeza mate, kwamba mpishi ni Bibi, umri umekwenda, pua haisikii tena harufu. Jumapili akamsimamisha mbele ya kanisa, akamfunika shuka jipya mabegani, akatangaza kwamba mama yetu sasa apumzike, na nyinyi mkapiga makofi. Mlimfukuza kwa makofi, ndugu zangu. Tangu siku ile, kwenye shughuli za watu alihamishwa kutoka kwenye masufuria akapelekwa kuosha sahani, na alipompelekea jirani mgonjwa mkate aliouoka mwenyewe, mkate ulirudishwa haujakatwa. Aliuweka mezani, akaketi mbele yake, na hiyo ndiyo siku niliyomwona Bibi akilia.

Nilitaka kusema, Mungu ni shahidi, nilitaka kupanda mimbari hii hii, lakini Bibi alinikataza. Alisema hospitali ikijua kwamba kosa ni la kiongozi itakifungia mlango kikundi kizima, lakini kosa la kibibi mmoja wataliita uzee, na kama kikundi kikifungiwa wale wagonjwa Alhamisi watakula nini, watakula jina langu? Basi akanyamaza, yule ambaye tangu ubatizo hakunyamazishwa na mtu. Ila mwenye kovu usidhani kapoa.

Ugonjwa wa moyo uligundulika Januari mwaka huu wa 2024, akalazwa tarehe 3 Juni, amekonda, amevaa kofia ya sufu, nusu ya uso iko chini ya kifaa cha hewa. Alhamisi ya wiki ile mama mwenyekiti akaingia wodini na ndoo zake na mpiga picha wake, akachagua kitanda chenye mwanga mzuri, akainama kumlisha kikongwe ambaye yeye mwenyewe hakumtambua kuwa ni Bibi. Bibi akashusha kifaa cha hewa, akapokea kijiko, akaonja taratibu, kisha akauliza kwa sauti iliyofika hadi kitanda cha mwisho, mwanangu, hii ya leo imepikwa leo? Mwenyekiti alimwaga bakuli lote kwenye viatu vyake. Bibi alicheka mpaka wauguzi wakaja mbio, na alipotulia akaniambia kwamba yeye amekwisha kusamehe, amemwachia Mungu, lakini Mungu ana kazi nyingi, nikiona kachelewa nimkumbushe, na kwamba akishafumba macho, mdomo ni wangu. Aliyafumba Jumamosi, tarehe 8 Juni, saa tisa alasiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, waliomhudumia kama mama yao, majirani waliokesha nasi, isipokuwa wa ule mkate, naye anajijua, wafanyakazi wenzake wa karakana walioshona nguo aliyovalishwa leo, na mchungaji, ambaye nimemweleza haya yote kabla ya ibada na hakunikataza. Ratiba inasema baada yangu ni salamu za akina mama. Mama mwenyekiti, shada lako zuri, tumeliona, liweke chini. Hatutaki salamu, tunataka usimame useme nani aliipika supu ile na nani aliipeleka wodini, uwaambie hao hao waliopiga makofi, maana jeneza hili halitashuka kaburini likiwa na kosa la mtu mwingine ndani yake.

Bibi, wewe pumzika kwa amani, umechoka. Sisi hatuna haraka, tutasimama hapa hapa mpaka aseme.