Jitu Lisilosikia Shoka: Maneno ya Kumuaga Shefu Kasanda

Sitwayeni Kamishna wa Zone. Sitwayeni Mkuu wa Stesheni. Shehe wetu na Padri wetu, mliokubali kukaa benchi moja. Wazee wa Kasai mliokuja kumchukua ndugu yenu. Wamama wa dispensari. Wenzangu wa reli. Na wewe Shefu Kasanda, ambaye kesho kutwa treni itakubeba usirudi:

Kabla ya yote nina tangazo zito. Leo, saa tatu na robo asubuhi, kifungo cha pili cha koti langu la abakosti, kilichonitumikia kwa uaminifu tangu harusi ya dada yangu, kimeacha kazi bila taarifa. Kiliruka, kikapita dirishani, na mpaka sasa hakijulikani kilipo. Vifungo vilivyobaki vinaniomba nisivute pumzi kwa nguvu. Basi nitasema polepole.

Programu mliyoshika inasema hivi: hotuba ya Sitwayeni Okito, yaani mimi, karani wa mizigo; kisha Shefu Kasanda atamkabidhi Okito sanduku la mchezo, kwa sababu yeye ndiye aliyeliua Jitu. Naona wengine mnacheka. Wake zetu walicheka pia, mwanzoni.

Kwa wageni nitaeleza. Mwalimu mmoja wa ufundi, Mbelgiji, aliporudi kwao alimwachia Shefu sanduku lenye kitabu kinene cha Kifaransa na dadu za ajabu, nyingine zina pande ishirini. Shefu alikisoma mwaka mzima, kamusi mkononi, kisha akatuita wanne, kila Jumamosi baada ya salongo, ile kazi ya kusafisha mji, kwenye chumba cha nyuma cha serkle, klabu yetu ya reli. Kila mmoja ana mtu wake aliyeandikwa kwenye karatasi. Wewe unasema mtu wako anafanya nini, dadu inaamua, Shefu anasimulia yaliyotokea. Mimi, mnayeniona na tumbo hili, ni shujaa wa shoka. Kitenge, fundi wa njia, ana nyundo. Abedi, dereva wetu, ana upinde. Mama Ndaya, muuguzi, ni mganga, na silaha yake ni fimbo ambayo haiwezi kuua hata kuku.

Halafu mwaka jana Shefu, kwa upole wake ule ule mnaoufahamu, akatuletea Jitu.

Ndugu zangu, nilishtuka siku ile na bado nimeshtuka. Lilisimama upande wa pili wa daraja la chuma, limevaa ngozi kama gome la mti wa miaka mia. Nikatupa dadu, nikapata nane. Nane! Nikasimama juu ya kiti. Shefu akaangalia kitabu chake, akasema, "Shoka linagonga, linadunda. Nne tu." Abedi akawasha mishale moto, akapata sita. "Tatu." Chochote ulichopiga, Jitu lilipokea nusu, na lenyewe likipiga, halijui nusu ni kitu gani.

Tulifanya nini? Nyinyi mafundi wa atelie, niambieni: kitu kikikataa, tunafanya nini sisi? Tunatafuta nyundo kubwa zaidi. Jumamosi ya kwanza tulikufa wote wanne. Ya pili tukaja na shoka kubwa, nyundo kubwa, upinde mkubwa, tukafa wakubwa. Ya tatu sitaki kuisema mbele ya Padri. Abedi alikuwa akirudi nyumbani akiuliza njia nzima, "Lakini tisa yangu imekwenda wapi, ndugu? Nusu yake imekwenda wapi?"

Jumamosi ya nne Mama Ndaya, aliyekaa kando yangu, alinivuta mkono. Shefu alikuwa ameitwa nje na mkuu wa zamu. Kitenge na Abedi walikuwa wakigombana kuhusu mishale.

"Baba Okito, angalia karatasi yangu."

Nikaangalia. Alikuwa ameandika kila pigo la Jumamosi tatu, kama wanavyoandika homa ya mgonjwa: kilichotupwa, kilichoingia. Nane, nne. Sita, tatu. Kumi, tano. Katikati ya safu, mara moja tu: tisa, tisa.

"Hii njo siku gani?" nikauliza.

"Siku Jitu liliteleza kwenye ngazi. Hakuna aliyelipiga. Lilianguka lenyewe, likaumia yote." Akashusha sauti. "Kwetu dispensari, tangu mwaka juzi, iko homa haisikii klorokini. Hatuongezi vidonge, Baba. Tunabadilisha dawa. Muache kupiga. Mufungue daraja Jitu likiwa katikati."

Sitwayeni wenzangu, mimi ni mtu wa reli. Kufungua daraja! Kitenge, aliyesikia neno hilo moja tu, aligeuka kama aliyechomwa. "Nani anafungua daraja? Miaka kumi na nane nakaza bulo za madaraja kwa spana, leo nizilegeze? Hata kwenye mchezo, hapana! Mama, wewe si muntu wa reli."

Na mimi nilisemaje? Nilicheka. Nikamwambia, "Mama Ndaya, baki na sindano zako." Hebu fikirieni watu wazima watatu, baba wa watoto, waliokufa mara tatu kwa heshima ya daraja lisilokuwepo.

Hapo mlinzi wa dispensari akaja mlangoni: kuna mama anajifungua, mtoto amekaa vibaya. Ndaya akaondoka mbio. Karatasi ikabaki mezani.

Yaliyofuata mji mzima unayajua. Shefu alirudi, Okito akasimama, Okito akasema, "Nafungua daraja!" Kitenge akashika kichwa, Shefu akatupa dadu kumi za anguko kwa pamoja, Jitu likaanguka mtoni na halikuinuka. Hata sokoni Lokandu waliniuliza habari zake, na katika hadithi yao walikuwa wamenipa shoka la dhahabu, nami sikulikataa. Shefu alinikumbatia, akasema, "Nikienda, sanduku ni lako. Nimepata muntu anayefikiri."

Juma lililopita nilikwenda dispensari na homa yangu. Mama Ndaya alikuwa ndani na mgonjwa. Kwenye meza yake kulikuwa na daftari la shule, nikalifungua, kwa sababu sina adabu. Ulikuwa mwandiko wake, mdogo, mstari kwa mstari: kile kitabu cha Shefu, kilichonakiliwa kwa mkono, pamoja na michoro. Alikuwa akikiazima kila Jumapili na kukirudisha Jumatatu. Alikuwa amefika ukurasa wa mia moja na kumi na mbili. Mama huyu alijua kitabu kinakuja kwangu, akaamua kubaki na kivuli chake.

Nilikaa kwenye benchi la wagonjwa nikasahau kwamba ninaumwa.

Kwa hiyo, Shefu Kasanda, uliyenifundisha kazi, uliyenisamehe vagoni tatu nilizozituma Kibombo badala ya Kongolo, samehe na hili. Miezi saba nimeshiba sifa ya mtu mwingine. Programu imekosea jina. Mwenye sanduku ameketi benchi la nne, kitambaa cha kijani, na sasa anatikisa kichwa ili ninyamaze. Sinyamazi, Mama. Simama, uje mbele.

Na ili asije mtu akapamba tena, ilikuwa hivi hasa. Baada ya Ndaya kutoka nilingoja dakika kama kumi. Niliisoma karatasi yake mara mbili, nikaikunja, nikaitia mfukoni. Shefu aliporudi nilisimama na kusema maneno yake kwa sauti yangu. Kitenge na Abedi walidhani tulikubaliana, hawakuuliza. Kelele zilikuwa bado hazijaisha Ndaya aliporudi, mikono ya blauzi imelowa, mtoto mzima, mama mzima. Akasimama mlangoni akasikia wakiimba jina langu. Akaniangalia.

"Limeanguka?"

"Limeanguka," nikasema.

"Basi, vizuri." Akavuta kiti chake, akakaa, akaomba maji ya kunywa.

Nawashukuru nyote kwa subira mliyonipa mpaka neno hili. Shefu, mpe sanduku lake.