Aya ya Tatu Katika Historia ya Mkaguzi Wetu

Ndugu, jamaa na majirani, historia ya marehemu mjukuu wetu, tuliyemwita Mkaguzi, inaanza miezi sita kabla hajazaliwa, Jumamosi tarehe 3 Septemba 2016, saa nne na robo asubuhi, muda ambao babu yake ana hakika nao, kwa kuwa redio ilikuwa imetoka kumaliza taarifa ya saa nne na chai mezani ilikuwa haijapoa.

Asubuhi hiyo ilifunguliwa barua ya hospitali, na barua zote za nyumba ile zilisomwa kwa sauti na babu, aliyejifundisha kusoma akiwa na miaka sitini na miwili, nao wanawe, ingawa wamesoma kumzidi, walimwachia kazi hiyo ili kumfurahisha. Barua ilimhusu kaka wa marehemu, aliyefariki akiwa na siku kumi na moja, ikieleza kwamba mwili wake haukuweza kuivunja sukari iliyomo katika maziwa, ikageuka sumu. Aya ya tatu ilisema kwamba hitilafu hiyo hurithiwa kwa baba na mama kwa pamoja, ingawa wenyewe ni wazima, na kwamba mama akiwa na mimba nyingine afike wiki ya kumi na tano apimwe maji ya uzazi, ili mtoto akionekana anayo, asionjeshwe maziwa tangu saa ya kwanza. Mama huyo, mke wa mwanawe babu, alikuwa na mimba ya wiki kumi na mbili. Mezani alikuwepo dada yake babu, ambaye tangu msiba wa kwanza hakuchoka kusema, "Damu mbovu imeletwa na mkwe, kwetu hakuna kitu hicho," na babu, akiona haya kuusomea ukoo wake habari hiyo, akairuka aya, akasoma salamu za mwisho, akaitia barua ndani ya kitabu, akijiambia atamweleza mwanawe wakiwa wawili, na kila siku akasema kesho.

Marehemu alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 2017, saa kumi na dakika ishirini alfajiri, akiwa na kilo tatu na gramu mia moja, akanyonya vizuri, siku ya nne akageuka manjano, siku ya tisa akawa hafumbui macho, ndipo babu alipompa daktari ile barua, na alipoulizwa ilikuwa wapi, akajibu kwamba ilichelewa njiani. Maziwa yalikatazwa papo hapo, akapewa ya soya, akapona, ila ini lilikuwa limekwisha kuumia.

Alianza darasa la kwanza tarehe 9 Januari 2023, na siku ya biskuti alisimama akasema, "Mwalimu, nisomee pakiti kwanza, mimi ni mtu wa masharti." Kuhusu kazi, hakuajiriwa, lakini muuza duka alimwogopa kuliko afisa wa viwango, na nyumbani alimshikia babu kila kopo akimwambia, "Soma yote, babu, hata yale madogo, usinipunje." Hakuolewa, ingawa alimposa mfamasia wa mtaani, naye alikubali kungoja.

Mwezi Julai mwaka huu tumbo lilianza kujaa maji, akalazwa tarehe 18 Septemba, akafariki Ijumaa tarehe 6 Oktoba 2023, saa tisa na dakika thelathini na sita alasiri, mama yake akiwa amemshika miguu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mwalimu wake, majirani waliotuletea viti na maji, na mfamasia, aliyefunga duka leo.

Imesemwa hapa tangu jana kwamba ugonjwa huu aliuleta mkwe wetu; aliubeba nusu, nusu ya pili ni ya ukoo huu, na damu ya babu, iliyopimwa mwezi Agosti, imeonekana kuibeba. Imesemwa kwamba mama alimlisha mtoto sumu. Alimnyonyesha kwa sababu hakuambiwa. Imesemwa pia, na aliyeyasema hayo ni babu mwenyewe, kwamba barua ilichelewa, na kwa miaka sita mama huyu amewalaumu watu wa posta wasio na kosa.

Mjukuu wetu, upumzike kwa utulivu. Barua haikuchelewa, ilifika wiki tatu kabla ya siku ya kipimo, ikafunguliwa, na mama yako alikuwa ameketi pale mezani, mkono tumboni, akinisikiliza mimi babu yako nikiiruka aya ya tatu.