Glasi ya Tatu

Shikamooni mama zangu, na nyinyi wenzangu, habari za mchana. Nimemwomba mwenyekiti wa kikundi chetu aniache nitangulie, maana nikisubiri nitatoroka. Na nyinyi dada zangu Waislamu mniwie radhi, habari yangu ni ya mvinyo mwanzo mpaka mwisho, siwezi kuizunguka. Majina sitataja.

Mimi ni mtoto wa shamba la zabibu, Dodoma, upande wa Hombolo. Baba alikuwa anauza zabibu mbichi kwa madalali, na madalali ndio waliopanga bei. Nikaona uchungu, nikasema nitasomea kutengeneza mvinyo ili zabibu zetu zitoke nyumbani zikiwa ndani ya chupa. Nikasoma. Nikaanza kwa kuosha matangi ya watu, nikapanda taratibu, mpaka nikawa mtu anayeitwa kuonja na kusema: hili liko tayari, lile bado.

Watu wanadhani kazi hiyo ni ya ulimi. Ndugu zangu, nawaambia, ni ya pua. Ulimi unajua ukali, utamu, uchungu na chumvi, basi. Pua ndiyo inayokwambia tangi limeanza kuharibika kabla hujaona chochote.

Kaka yangu alikuwa na ghala hapa Kariakoo, kule unakoelekea Mchikichini. Tukaungana: mimi natengeneza Dodoma, yeye anauza Dar. Mvinyo wetu ukaingia hotelini. Mume wangu alipofariki nikahamia huku na binti yangu, tukapanga juu ya maduka, nikawa naenda Dodoma na kurudi.

Halafu nikapata mafua. Mafua tu, mnayoyajua. Yalipokwisha nikachemsha chai ya tangawizi, nikanywa, nikaona kama nakunywa maji ya moto. Nikanusa sabuni, hakuna. Nikanusa shati la marehemu nililolitunza kabatini, hakuna. Daktari akasema mishipa ya harufu imeumia, inaweza kurudi na inaweza isirudi.

Nilimwambia kaka yangu siku ileile. Akanishika mkono. Akasema, "Usijali, mdogo wangu. Hili litabaki kwetu. Watu wa hoteli wanakuja kuonja mvinyo mpya, nitakupangia glasi mwenyewe. Ya kwanza mvinyo mweupe, ya pili mwekundu wa mwaka jana, ya tatu mwekundu wa mwaka huu. Umeutengeneza wewe, unaujua kwa moyo. Sema tu unachokijua."

Nikamshukuru. Nilimshukuru, mnasikia?

Siku ya siku wakaja. Baba naye alikuwa amekuja kutoka nyumbani, amekaa kwenye kiti karibu na mlango. Nikaonja ya kwanza, nikasema. Ya pili, nikasema. Ya tatu nikaizungusha kwenye glasi, nikainusa kama mtu mwenye pua, nikaonja. Nikawaambia, huu ni wa zabibu za shamba letu, bado kijana, ukiachwa kidogo utakuwa bora kuliko yote.

Mmoja wao akaanza kucheka, akajizuia. Kaka yangu akasema, "Mwambieni alichokunywa."

Ilikuwa juisi ya rozela, imetiwa pombe kali kidogo. Rozela hii hii inayouzwa ikiwa na barafu hapo chini barabarani. Mtoto wa chekechea angeijua kwa harufu.

Kaka yangu akawageukia wageni, akasema, "Huyu ndiye mliyekuwa mnaamini ulimi wake. Mimi sikutaka kuwadanganya." Mpaka leo sauti yake ile ya upole naisikia. Baadaye ndipo nilipojua kwamba alishapata mtu wa kumtengenezea mvinyo wa rangi na sukari, ule niliokuwa nimekataa kuutengeneza. Alitaka niondoke, na niondoke mbele za watu, ili asiwepo wa kunifuata.

Nikamfuata baba nje. Nikamuuliza, "Baba, ulijua?"

Akaangalia watu wanaopita na mikokoteni. Akasema, "Mwanangu, kazi yako ilikuwa pua. Sasa pua haipo. Kaka yako ana watoto wanne wa kulisha."

Mimi wangu alikuwa mmoja, nadhani ndiyo maana.

Nikakaa ndani. Nilikuwa napika bila kuonja na kula bila hamu. Alasiri moja binti yangu alikuwa mezani na kazi za shule, akasema, "Mama, kichwa kinaniuma." Nikamwambia kalale kidogo. Akalala. Mimi nikakaa palepale, nikiwa mzito, nikidhani ni huzuni yangu ya kila siku.

Mlango ukagongwa kwa kofi. Alikuwa mama wa duka la viungo la chini, mama wa Kiarabu, familia yao ipo mtaa huu tangu babu zake. Hatukuwa na mazoea zaidi ya shikamoo na marahaba. Akanipita bila salamu, akafunga mtungi wa gesi, akafungua madirisha yote. "Harufu imefika mpaka ngazini. Wewe umekaa tu? Unataka kutuua jengo zima?"

Nikamwambia, "Mama, mimi sisikii harufu."

Akaingia chumbani, akamnyanyua binti yangu. Mtoto alikuwa amelegea, anatapika. Tulishuka naye tukimbeba pamoja mpaka kwenye bajaji. Hospitali wakasema mngechelewa kidogo tu. Hawakumalizia, na mimi sikuuliza.

Hapo ndipo nilipogeuka, ndugu zangu. Sikuona mwanga wala sikusikia sauti. Niliona mguu wa mtoto umening'inia kitandani na kiatu kimoja, nikajua nikiendelea kujililia nitamzika.

Yule mama akaniambia kesho nishuke dukani. Nikadhani ananionea huruma. Wapi. Aliniweka kuchambua iliki, na kila asubuhi ananipa karafuu, mdalasini, binzari nyembamba. "Angalia. Sema jina lake. Kumbuka ilivyokuwa inanukia. Nusa." Nikilia ananiambia, "Machozi yanalowesha bidhaa, mwanangu. Nusa."

Miezi ikapita, hakuna kitu. Kisha harufu zikaja, lakini zimeharibika: kahawa inanuka mpira unaoungua, kitunguu kinanuka mtaro. Nilisema afadhali kutosikia kabisa. Akaniambia, "Kama inakudanganya basi ipo hai. Endelea."

Harufu ya kwanza iliyokuja sawasawa ilikuwa ya dagaa wakavu. Nilikuwa napita sokoni, nikasimama mbele ya gunia, nikainama, na muuzaji akaniuliza kama nanunua au naswali.

Baba alifariki kabla sijapona. Msibani nilipewa kiti pamoja na wageni. Kaka yangu anaendelea vizuri, ana ghala kubwa zaidi sasa, na hajawahi kuniomba radhi. Nawaambia hili kwa sababu wengi humu mnasubiri aliyewaumiza aanguke ndipo muinuke. Wangu hajaanguka. Ningemsubiri, ningekuwa bado nimekaa ndani.

Leo nawatengenezea mvinyo wakulima wadogo wa kule nyumbani. Pua yangu imerudi zaidi ya nusu. Siku ya kwanza niliwaambia wazi harufu nisizozipata, wakaniwekea binti mmoja tunaonja pamoja. Hakuna aliyecheka.

Namshukuru mama wa viungo, aliyekaa pale karibu na dirisha. Hajawahi kuonja kazi yangu na hataionja, na hakuwahi kuniuliza kwa nini nataka kuirudia. Nakushukuru mwanangu, umepona. Nanyi mlionivumilia nilipokuwa nakuja hapa na kukaa kimya, ahsanteni.

Na wewe dada wa pale nyuma, uliyetuambia Jumamosi iliyopita kwamba huna haja ya kuja tena, nimefurahi umekuja. Nikiwa mjini, asubuhi nipo pale dukani nachambua iliki. Pita. Hutaulizwa kitu.