Fundi Alipoambiwa Apumzike

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, kati ya kibanda cha fundi viatu na mlango wa kinyozi. Ubao hauna hata msumari mmoja. Akiinuka mtu wa mwisho huu bila kuaga, wa mwisho ule anajikuta chini, kahawa kifuani, na kosa ni lake kwa kutokuwa macho. Wenyeji wanakaa kwa adabu: kinyozi katikati, maana haishi kuitwa na wateja; karani mstaafu upande wa barabarani na gazeti la jana; na upande wa pili, karibu na nyundo yake, fundi viatu mwenyewe, ambaye mtaa mzima unamwita Soli. Kwa wiki tatu nafasi ya Soli ilikuwa tupu, na wenzake wakaweka tofali pale ili ubao usiwapindue. Soli alikuwa nje ya nchi kwa binti yake wa pekee, kwenye mji wa kando ya bahari, akila likizo ya kwanza tangu azaliwe. Sasa karudi, leo siku ya tano, na bado hajacheka sawasawa.

— Tuanze upya, alisema kinyozi, ambaye anaitwa Wembe kwa sababu ya ulimi wake, si kazi yake. Umekwenda, umerudi, mashavu yamejaa. Kahawa ya kwanza tumekunywa, ya pili hii hapa. Bahari ikoje?

— Kubwa, alisema Soli.

— Hilo hata ramani inalijua. Tupe habari!

Soli akapuliza kahawa yake. Habari alikuwa nazo, tena nzuri, na hakutaka kuzinyima watu.

— Ndugu zangu, mimi nimeonjeshwa raha. Mkwe wangu, kijana wa watu, kila asubuhi ananibebea kiti mwenyewe mpaka mchangani. Anafungua mwavuli, ananiuliza, baba, jua halikuumizi? Mimi! Miaka thelathini na nane nimekaa kwenye kigoda kisicho na mgongo. Kile kiti kina mgongo, kina pa kuweka mikono, kina mpaka pa kunyoosha miguu. Siku ya kwanza nilikaa ukingoni kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Siku ya pili nikaegemea. Siku ya tatu nikalala mdomo wazi, mjukuu wangu akanijazia viatu mchanga.

— Vyote viwili?

— Vyote. Nilipoamka nikamwambia aongeze.

Hapo wakacheka wote, na Soli naye kidogo.

— Jioni mkwe anakaanga samaki, binti yangu anakata matunda, mtoto kajilaza miguuni mwangu. Binti yangu anacheka kichwa kimeinuka juu, vile alivyokuwa akicheka enzi mama yake yuko hai. Nikasema, Mungu wangu, nimefanya nini mimi hata nikastahili haya? Kitanda laini mpaka nikawa najitafuta. Ingawa usingizi wenyewe, niwaambie kweli, nimeupata juzi nyumbani, kwenye godoro langu, lile marehemu mke wangu alilolishona kingo kwa mkono wake.

— Sasa mbona uso umeukunja kama risiti? aliuliza karani mstaafu. Huyu wanamwita Faili, kwa kuwa hakuna jambo duniani ambalo kwake halina utaratibu.

Aliyejibu ni muuza kahawa, mwanamke mfupi anayejulikana kwa jina la Birika, aliyekuwa akiwaongezea bila kuulizwa.

— Mwacheni aseme kwa wakati wake. Mtu ana lake moyoni, nyie mmemkalia kooni.

Ndipo Soli akasema.

— Waliniambia nipumzike. Baba, pumzika, hata kikombe usioshe. Siku nne nikapumzika vizuri kabisa. Siku ya tano wakaenda kazini, mtoto shuleni, mikono ikaanza kuniwasha. Nikapita kwenye ujia, nikaona rafu ya viatu.

— Usituambie! alisema Wembe.

— Nilitazama tu.

— Fundi viatu hatazami tu, alisema Birika.

— Na sindano uliitoa wapi? aliuliza Wembe. Mtu anakwenda likizo na sindano?

— Wewe ulipokwenda kwenye harusi ya mdogo wako hukubeba mkasi?

Wembe akakuna kidevu. Alibeba, tena na taulo.

— Jozi kumi na moja, Soli akaendelea. Visigino vya mkwe, mikanda ya binti, raba za mtoto. Mpaka jirani wa chini akaleta vyake, na keki juu. Walinigombeza, lakini kwa kucheka. Wakanishukuru sana. Sasa siku ya mwisho, nasubiri safari, nikakuta chini ya kabati sanduku, ndani yake viatu vya kahawia vimefungwa kwenye kitambaa. Nikavijua palepale. Nilimtengenezea mimi, miaka kumi na moja iliyopita, alipokuwa anaondoka nyumbani. Ngozi nilichagua mimi, soli nilikata mimi. Nikavigeuza nikaona aibu, jamani. Vyote viwili pembeni vimeshonwa na mtu mwingine! Mshono mrefu, umekwenda upande, uzi wa buluu kwenye kiatu cha kahawia, umekunjwa mara mbili, na mafundo matatu mwishoni. Mtu kashona kiatu kama anafunga gunia.

— Ukaufumua, alisema Birika taratibu.

— Nikaufumua. Nikashona upya mshono wangu, mdogo mdogo, huuoni hata ukiutafuta. Nikamaliza kimoja. Mwenzake sikuwahi, gari lilishafika. Binti yangu akaingia kuniita, akakiona. Akakichukua kile nilichokishona, akapitisha kidole pembeni. Akakaa kitandani akalia. Si machozi ya kuagana, hayo nayajua. Kwenye gari kanishika mkono mpaka uwanja wa ndege, neno hasemi. Na Jumapili hajapiga simu. Miaka kumi na moja anapiga kila Jumapili. Hii, kimya.

Akaweka kikombe chini.

— Nimepewa likizo ambayo hata ndotoni sikuwa nayo, nami nimeiharibu siku ya mwisho kwa sindano. Nimemkosea mtoto na sijui nimemkosea nini. Hilo ndilo linalonikondesha.

Kijiwe hakiwezi kuvumilia swali likae bila jibu. Faili akawa wa kwanza kukohoa.

— Uliingia kule kwa kibali cha nini?

— Cha kutembelea familia.

— Haya! Kutembelea. Si kushona. Jozi kumi na moja ni kiwanda, bwana. Huyo jirani wa keki ndiye mkaguzi. Binti yako analia kwa sababu keshajua barua inakuja.

— Keki ilikuwa nzuri, alisema Soli kwa unyonge.

— Ndivyo walivyo. Wanaanza na keki.

— Barua gani! Wembe akadakia. Kule kiatu kikuukuu ni heshima. Wenye nafasi wanakitundika ukutani, na kadiri kilivyochakaa ndivyo wageni wanavyosimama mbali. Yeye alikuwa na jozi iliyoiva, baba mtu umemrudishia kiatu kipya. Umemshusha cheo mbele ya mumewe.

— Ni hewa ya bahari, alisema Birika. Chumvi inaingia machoni kidogo kidogo, inakaa, siku inapotaka kutoka inatoka. Mimi nilikaa kando ya bahari siku mbili tu, nikarudi nikalia mbele ya duka la ndoo.

— Ndoo zilikufanya nini?

— Ndiyo nawaambia, hazikunifanya kitu!

Faili akakunja gazeti, ishara kwamba sasa anafungua jalada lenyewe.

— Sikilizeni. Mtu akiingia nchi ya watu anapigwa picha. Wanapiga uso, wanapiga na viatu. Viko kwenye kompyuta, mshono kwa mshono. Sasa amebadilishiwa kimoja. Siku akitaka kusafiri, mashine itamwona mguu mmoja ni wake na mmoja umeingia bila kibali. Atapitaje? Atapita nusu?

— Na ule uzi wa buluu, alisema Wembe, akiinamia katikati kana kwamba barabara inasikiliza, hamjajiuliza kwa nini buluu? Hiyo ni alama. Kuna watu wakubwa wanatambuana kwa nyuzi. Soli, binti yako ni mtu mkubwa kule, ila wewe hujaambiwa.

Soli alijua wanasema upuuzi, na alijua kwa nini. Hawakutaka abaki peke yake na lile wazo. Ndio hao hao waliomfutia vumbi kibanda wiki tatu, wakampangia nyundo zake kwa ukubwa ingawa hapangi hivyo. Akawashukuru moyoni, kisha akatoa simu.

— Mimi ninavyoona, nimeacha kazi nusu. Ndiyo hiyo tu. Baba mtu ni fundi, na kaacha kiatu kimoja kimeshonwa, mwenzake na ule mshono wa ovyo. Nimeshaandika ujumbe. Sikilizeni: “Mama, nitumie kile kiatu cha pili nikifumue nikimalizie. Nisamehe.” Bado kuutuma.

— Tuma! alisema Wembe.

— Tuma na nakala, alisema Faili.

Kidole cha Soli kilikuwa juu ya kioo cha simu aliposikia hodi. Nesi mmoja kijana, sare nyeupe, alisimama mbele ya kibanda kwa mguu mmoja. Kiatu cha mguu wa pili alikuwa nacho mkononi, mkanda umekatika.

— Shikamooni wazee. Shikamoo mama.

— Marahaba, mwanangu. Kaa kwenye ubao, alisema Soli. Ukitaka kuinuka, aga kwanza.

Nesi akakaa. Soli akakipokea kiatu, na kabla hajakigeuza, Wembe alikwishamsimulia mgeni mambo yote: mwavuli, keki, sanduku, machozi, kompyuta ya miguu. Nesi akasikiliza mpaka mwisho, kama watu wa kazi yake wanavyosikiliza.

— Samahani wazee wangu, alisema. Huo mshono wa buluu, aliushona nani?

Faili akafungua gazeti lake la jana. Wembe akautazama mlango wake, akiomba aje mtu yeyote mwenye nywele. Birika alikuwa anamimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa.

— Fundi wa kulekule, alisema Faili hatimaye.

— Fundi hashoni vile, alisema Soli.

— Basi binti mwenyewe.

— Nilimfundisha sindano ana miaka saba. Anashona kuliko mimi.

Akakumbuka. Asubuhi binti alipoondoka nyumbani, miaka kumi na moja iliyopita, Soli alikuwa ametoka kutafuta teksi. Aliporudi alimkuta mkewe amekaa kwenye ukingo wa godoro, sindano mkononi, akikata uzi kwa meno. Alidhani anashona mkoba. Mkewe alisema tu, twendeni, tumechelewa, akamsukumia binti viatu vyake avae. Uzi ulikuwa wa buluu, kwa sababu katika nyumba ile hapakuwa na uzi mwingine wa mama zaidi ya ule wa kushonea godoro. Usiku wa kuamkia leo Soli alikuwa amelalia mafundo ya mkewe, matatu matatu, kila kona.

Akainuka bila kuaga.

Ubao ulipaa. Nesi akauruka kwa mguu mmoja, Wembe akadaka nguzo ya mlango wake, Faili akaenda chini na gazeti na kahawa. Hakuna aliyecheka. Soli alikuwa ameshaweka simu sikioni.

— Shikamoo baba, alisema binti yake.

— Marahaba, mama yangu. Ule mshono. Ni wa mama yako.

— Ndiyo, baba.

— Mbona hukuniambia?

— Alinikataza. Nilipovijaribu asubuhi ile vilifumuka pembeni, vyote viwili. Ulivitengeneza kwa haraka, ulikuwa hulali kwa ajili ya ile safari. Akasema baba yako akiona ataaibika, na leo sitaki aaibike. Akashona upesi kabla hujarudi.

Soli akaegemea kibanda chake. Miaka yote thelathini na nane alikuwa akijisifu kwamba kiatu chake hakijawahi kufumuka.

— Nimeufumua, mwanangu. Mkono wa mama yako, nimeufumua mimi. Nisamehe.

— Umefumua mmoja, baba. Nililia kwa ule, sikufichi. Halafu nikatazama mwenzake. Sasa nina kimoja cha mama na kimoja cha baba. Nimeviweka sebuleni, juu ya kabati la vitabu. Jumapili nilishindwa kupiga, nilijua ukisema haloo tu naanza upya.

— Kwa hiyo hukunikasirikia?

— Nikukasirikie na jozi kumi na moja umenishonea? Njoo tena, baba. Njoo na sindano yako. Mjukuu wako keshakata mkanda wa kandambili, kwa makusudi, anasema babu ataushona. Ila kile kiatu cha mama usikiguse.

— Sikigusi. Mungu akubariki, mama. Ambariki na mkwe wangu, na kiti chake.

Alipomaliza aliufuta ule ujumbe, neno kwa neno, maana hajui kuufuta wote mara moja. Kisha akafuta macho kwa kiganja chenye gundi, wala hakugeukia ukutani. Birika akaipindua birika yake juu chini. Halikutoka hata tone.

— Kahawa imekwisha, alisema. Na pua zenu zimelowana, nendeni kazini.

— Mimi bado niko chini, alisema Faili.

Soli akamwinua, akamkung'uta, akamwomba radhi. Kisha akakaa kwenye kigoda chake kisicho na mgongo, akakiweka kiatu cha nesi magotini. Pembeni mwa kile kiatu, karibu na mkanda uliokatika, palikuwa na mshono wa zamani, uzi mweupe, umepinda. Mkono wake uliozoea ukaenda wenyewe kuchukua kisu.

Akakirudisha kisu mahali pake.

— Mwanangu, alimwuliza nesi, huu nao aliushona nani?