Dama Jefwa, Aliyeketi Chini ya Dirisha la Rispah

Salaam kwenu, wasikilizaji wapendwa. Wa kisiwani, wa Likoni, wa Kisauni, na nyinyi mnaotusikiza mkiwa mbali na Mombasa. Mimi ni Sufyan Faraj. Alasiri hii tunamkumbuka Dama Jefwa, mwalimu wa udereva, mzaliwa wa Tononoka. Dama alifariki wiki iliyopita kwa maradhi ya figo. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na minne.

Baadhi yenu mwamjua. Ikiwa ulijifunza gari hapa kisiwani miaka ya karibuni, huenda aliyekaa kiti cha pembeni ni yeye. Mwanamke mrefu, miwani myeusi, sauti nzito. Aliwapeleka wanafunzi Mji wa Kale na kuwaamuru warudi nyuma pale Ndia Kuu, wenye mikokoteni wakiwapigia kelele. "Gari halina macho," alikuwa akiwaambia. "Macho ni yako."

Lakini leo sitasema sana juu ya gari. Nitasema juu ya Dama na rafiki yake, Rispah.

Rispah ni mwalimu wa shule ya msingi, Nakuru. Nilizungumza naye kwa simu. Utotoni aliishi Tononoka, nyumba inayotazamana na ya kina Dama. Katikati palikuwa na kichochoro cha kupita mtu mmoja. Baba yake, Crispus, alitoka bara, akafanya kazi reli. Alikuwa mtu mpole asubuhi. Jioni alikuwa mtu mwengine. Akinywa, alimpiga mkewe, Janet. Mtaa mzima ulijua. Mtaa mzima ulinyamaza.

Rispah aliposikia baba anapandisha sauti, alivuka kichochoro. Hakubisha hodi. Aliingia tu, akaketi mkekani kando ya Dama, wakacheza mdako kwa vijiwe walivyookota uwanjani. "Dama hakuniuliza kitu," Rispah ananiambia. "Alinisogezea vijiwe tu. Zamu yangu ilikuwa imeshafika."

Wasikilizaji wapendwa, watoto hawa walikuwa na miaka kumi. Kumi tu.

Mwaka uliofuata Janet aliondoka. Alirudi kwao bara, akasema atamtuma mtu aje amchukue mtoto. Hakuja mtu. Rispah akabaki na baba yake. Shule zikafungwa. Crispus akaona binti asizurure mtaani, basi kila akienda kazini alifunga mlango kwa kufuli. Mtoto ndani, kufuli nje.

Dama alikuja akaketi chini ya dirisha. Dirisha lilikuwa na nondo na wavu. Alikaa pale asubuhi, akaenda kwao kula, akarudi. Akapenyeza hamri mahali wavu ulipopasuka. Wakacheza mdako, huyu ndani, huyu nje, kila mmoja akimtajia mwenzake vijiwe alivyodaka.

"Nilikuwa nadanganya," Rispah anasema. "Naye alijua nadanganya. Hakusema."

Siku moja Dama alifika dirishani, akaita. Kimya. Akaita tena. Akapanda juu ya ndoo akachungulia. Akamuona Rispah sakafuni, anatetemeka, macho yamegeuka. Dama akakimbia kwa mamake.

Mamake ni Bi. Kache. Yu hai, na alinikaribisha kwake juzi, nikamkuta ameketi barazani na leso kichwani. Aliniambia hivi: "Mwanangu alikuja hana sauti. Alinivuta mkono tu. Nilipofika na kuona, nikachukua mchi wa kinu. Nilipiga lile kufuli mpaka likaanguka."

Ilikuwa malaria. Walimpeleka hospitalini kwa mkokoteni. Daktari akasema wangelichelewa hadi jioni, wasingelimkuta hai.

Crispus alirudi kutoka kazini akakuta mlango wazi na kufuli chini. Akavuka kichochoro. Bi. Kache alikuwa amesimama mlangoni kwake.

"Nani kavunja mlango wangu?"

"Mimi, Baba Rispah. Ukitaka twende kwa chifu, twende sasa hivi. Leso nimeshavaa."

"Mtoto wangu yuko wapi?"

"Hospitalini. Kamtazame. Lakini akitoka, hatalala humo. Atalala hapa pangu."

Mumewe, marehemu Jefwa, alikuwa kuli wa bandarini, mtu asiyependa maneno. Alitoka chumbani, akasimama nyuma ya mkewe. Crispus aliwatazama wote wawili, kisha akaenda zake.

Kesho yake alimkuta Dama bombani anateka maji. Akamuuliza, "Wewe ndiwe uliyekwenda kusema?"

Dama akajibu, "Ndiyo. Ni mimi." Akaendelea kuteka.

Rispah akahamia kwa Bi. Kache. Akakaa hapo mpaka alipomaliza sekondari. Chumba kimoja, wazazi upande mmoja wa pazia, watoto upande wa pili: Dama, Rispah, na wavulana wawili, Kazungu na Elvis. Nilimuuliza Bi. Kache walitoshaje. Akacheka. "Watoto hulala kama samaki kikapuni," akasema. "Hakuna anayelalamika."

Sasa wasikilizaji wapendwa, hapa ndipo mambo yanapokuwa mazito.

Miaka ikapita. Rispah akaenda chuo cha ualimu, akapangiwa Nakuru, akaolewa huko. Na baba yake, Rispah hakutaka kumuona tena. Dama akabaki Mombasa. Hakuolewa, wala hakuzaa. Akawa anafundisha gari.

Crispus naye akastaafu. Aliacha pombe, lakini hiyo ilikuwa baada ya kupoteza kila kitu. Alikaa peke yake katika chumba kile kile cha Tononoka. Kisha macho yakafa. Akawa haoni.

Dama akaanza kumchukua. Kila Jumapili alasiri alimpakia katika gari la shule ya udereva, lenye herufi L nyekundu mbele na nyuma, akampeleka bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari. Akamnunulia dafu na mihogo ya kukaanga. Mzee akakaa ukutani, uso umeelekea baharini, akisikiliza watu wakipita. Kisha Dama akamrudisha.

Hakumwambia Rispah. Kwa mwaka mzima hakumwambia. Rispah aliambiwa na jirani.

Alimpigia Dama simu. Haya ni maneno ya Rispah mwenyewe: "Nilimwambia, wewe ulichungulia lile dirisha. Wewe uliniona pale sakafuni. Mtu mwingine angeweza kusahau. Wewe, hapana."

Dama akamjibu: "Sijasahau. Wala simsamehe kwa niaba yako, hiyo si kazi yangu. Nampeleka kupunga upepo tu."

"Basi mpeleke," Rispah akasema. Akakata simu.

Hawakuzungumza tena kwa zaidi ya miaka miwili. Marafiki hawa wawili, waliolala mkeka mmoja, miaka miwili hawakusemezana. Crispus alifariki katika muda huo. Kaka yake Dama, Kazungu, ndiye aliyeshughulikia jeneza lipelekwe bara. Rispah hakwenda kuzika. Nilimuuliza kama anajuta. Akasema, "Sijui. Andika hivyo hivyo, kwamba sijui."

Mwaka jana figo za Dama zikaanza kushindwa. Akawa anakwenda kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Gari akaliacha. Kazungu akampigia Rispah, akamwambia neno moja: "Dama anaumwa." Rispah akapanda gari usiku huo huo, akafika Mombasa asubuhi.

Kazungu alikuwepo chumbani. Anasimulia kwamba Dama alikuwa amelala kitandani, amekonda, miguu imevimba. Alipomuona Rispah mlangoni akamuuliza:

"Bado wanichukia?"

"Sijawahi kukuchukia. Nilikasirika."

"Na sasa?"

"Sasa pia nimekasirika. Hebu sogea huko nikae."

Dama akasogea. Rispah akakaa. Aliomba likizo shuleni, ikaisha, akaomba nyingine. Alimpeleka hospitalini na kumrudisha, alimpikia uji usio na chumvi, walibishana juu ya redio iwekwe wapi. Habari za mzee Crispus hawakuzizungumza tena, si kwa ubaya wala kwa wema. Ndivyo mambo yalivyokaa mpaka wiki iliyopita.

Dama Jefwa amezikwa kwao, Kaloleni.

Familia ilituletea tangazo la kifo hapa studioni, nami ndiye niliyepangiwa kulisoma. Liliandikwa: ameacha mama yake, Kache, kaka zake, Kazungu na Elvis, na dada yake, Rispah. Nikaona jina la ukoo la huyo dada ni jengine kabisa. Nikadhani wamekosea, maana namjua Kazungu, na najua Bi. Kache alimzaa binti mmoja tu. Nikampigia Kazungu simu kumuuliza.

Kazungu akaniambia, "Sufyan, soma ulivyoandikiwa."

Nikasoma.

Kwa Bi. Kache, kwa Kazungu na Elvis, na kwa Rispah, dada wa marehemu: sisi wa kituo hiki tunawapa pole. Mola awape subira, na amrehemu Dama.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, jioni ya leo muwatazame watoto wanaoingia majumbani mwenu. Pengine yumo mmoja asiye wenu. Anakuja mapema, anaondoka akiwa wa mwisho, na hasemi kwa nini. Msimuulize sana. Mpeni nafasi mkekani.