Duara Jekundu la Mwisho kwenye Ukoo Wetu

Ndugu waombolezaji, marehemu kaka yetu, tuliyemwita Wastani, alizaliwa nyumbani tarehe 14 Machi 1951, akasoma hadi kidato cha nne, mimi dada yake nikaishia darasa la saba kwa sababu ya mdomo wangu huu, akaajiriwa tarehe 3 Januari 1971 kuwa karani wa takwimu, akafunga ndoa tarehe 12 Juni 1976 na muuguzi huyu mnayemwona akilia na kucheka kwa pamoja, wakajaliwa watoto wanne.

Alipostaafu mwaka 2011 alianza kuandika ukoo wetu, majina mia mbili na kumi na mawili, akabandika karatasi ukuta mzima wa sebule, akapiga hesabu na kukuta kwamba kwetu watoto hupishana kwa wastani wa miaka miwili na miezi saba, na chochote kilichokwenda mbali na kawaida alikizungushia duara jekundu. Ndivyo alivyomnasa babu aliyeoa akiwa na miaka saba, na shangazi aliyejifungua miaka miwili baada ya kuzikwa, akawafuatilia mmoja mmoja akawasahihisha, mpaka likabaki duara moja, langu.

Mwaka 1974 nilichumbiwa na fundi cherehani, mzaliwa wa 1950, aliyetaka mke mdogo kuliko yeye, basi nikapunguza miaka mitatu, nikajiandika Agosti 1951, na tangu hapo mbele za watu nimekuwa nikimwita marehemu "kaka", kana kwamba ndiye mkubwa wangu. Alinisihi miaka kumi nirekebishe, wala hakuitoboa siri yangu kwa mtu, na Februari mwaka huu, figo zilipomlaza wodini, aliniambia, "Dada, mama hawezi kuzaa mara mbili ndani ya miezi mitano. Nimfute nani?" Nikamjibu ajifute mwenyewe, akacheka mpaka daktari akaja kukagua mashine.

Alifariki asubuhi ya tarehe 6 Aprili, akaniachia kifutio ndani ya bahasha, bila barua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta viti, na makarani wenzake mliokuja wote, hata mliokuwa mkisahihishwa naye kila siku.

Andikeni sasa: nilizaliwa tarehe 9 Agosti 1948. Tumepishana miaka miwili na miezi saba, hesabu yake ileile. Baba watoto, funga mdomo, nzi wataingia, miaka hamsini umeishi na mkubwa wako na hukudhurika.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu.